Kipande Chenye Herufi M

Mume wangu, Halvor Tveit, hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu hapa bondeni kwetu Montana, kila meza yenye kahawa imeshaambiwa kwamba chupa ndiyo iliyomtetemesha mikono hata risasi zake zikaharibika. Halvor hakunywa hata bia, na mikono yake ilikuwa imara mpaka wiki aliyofariki.

Risasi zake alizisubu mwenyewe, akiyeyusha madini na kuyamimina, bandani nyuma ya nyumba, kwa kalibu ya chuma aliyoachiwa na babu yake. Mashindano ya shabaha ya kila vuli klabuni yanaitwa kwa jina la babu huyo, na sharti lake kuu ni kwamba risasi ya dukani haipigwi. Za Halvor zilitoka laini kama kijiko cha fedha, kingo zake kali.

Mwaka wake wa mwisho aliishiwa na madini ya kusubia risasi. Merle Stroud, rafiki yake tangu ujana, akamletea ndoo ya vipande alivyoyeyusha kutokana na vile vizito vya kusawazishia magurudumu ya magari. Kila kipande kiligongwa herufi M. Wasubu wa huku hawapimi kipande chenye alama ya rafiki. Kukipima ni kumwita mwongo.

Risasi zikatoka na makunyanzi.

"Kalibu ni baridi," Halvor akasema. Akaipasha moto, makunyanzi yakabaki. "Basi ina mafuta." Akaja kuisugua kwa sabuni kwenye sinki langu.

"Halvor! Huo si mswaki wangu?"

"Ulikuwa wako, mpenzi."

Akazidisha moto hadi risasi zikawa nyeupe kama zimepigwa na jalidi, na bado kingo zilikuwa butu. Juu ya chungu cha kuyeyushia kulielea kitu kama uji wa shayiri.

"Moto umezidi, na bado madini hayajazi kalibu," akasema. "Sijawahi kuona."

"Labda ni madini yenyewe."

"Yametoka kwa Merle," akanijibu, na hayo yakaishia hapo.

Siku ya mashindano risasi zake zilitawanyika kama kuku waliofukuzwa. Merle akapaza sauti mbele ya wote: "Halvor, mzee wangu, punguza chupa!" Watu wakacheka. Halvor naye akacheka, maana ulikuwa utani wa rafiki. Alifariki kabla theluji haijayeyuka. Kufikia hapo utani ulikuwa umeshakuwa habari, na kamati ya klabu ikaanza kusema jina la Tveit liondolewe kwenye mashindano.

Nilipokuwa nikisafisha banda, kipande kimoja cha Merle kiliniponyoka kikaanguka kwenye saruji. Kikalia kama kengele. Madini safi ya risasi hayalii. Huanguka kwa kishindo kizito tu. Nimefundisha kemia maisha yangu yote, basi nikakidondoshea tindikali. Kikatoa povu. Kilikuwa na zinki, na zinki kidogo tu huyazuia madini kujaza kalibu.

Nikamwita Merle, nikamwekea kahawa na pai, kisha nikaweka kipande kando ya sahani yake.

"Vizito vya zinki vilijichanganya, Solveig," akasema bila kuniangalia. "Niliuona ule uji juu ya chungu. Nikaukwangua, nikaona ni hasara kutupa ndoo nzima."

"Ukampa Halvor."

"Nilidhani ataigundua zinki mwenyewe."

"Na habari za chupa?"

Akakata pai vipande vidogo asivyovila.

"Nenda ukawaambie klabuni, Merle."

"Halvor ameshakufa. Mimi bado naishi na watu hawa."

Hakuenda. Nilikwenda mimi. Asubuhi ya mashindano ya vuli iliyofuata, wote wakiwa mezani wakila chapati, nilikiweka kipande mezani, herufi ikitazama juu, nikadondosha tindikali. Povu likapanda, nikawaambia ni zinki, na ndiyo iliyoharibu risasi za Halvor.

"Merle," akasema mwenyekiti, "hiyo si M yako?"

Merle alichukua kofia yake akaenda kwenye gari. Hakuna aliyemwita arudi. Jina la Tveit lilibaki juu ya mlango wa uwanja, na liko hapo hadi leo.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Merle, kama tunasalimiana kanisani, na ile ndoo niliipeleka wapi. Hayo si yenu. Sisemi zaidi.