Kompresa ya Maximilla

Maximilla Andati hupaka rangi kwa kuimba. Sauti yake si ya kwaya. Mimi ni jirani yake na nimeivumilia miaka saba. Anaimba kwa sababu hataki kutazama saa huku mkono ukifanya kazi. Mlango wa kabati ni beti mbili za wimbo wa kanisani. Ubavu wa kitanda ni ubeti na kiitikio. Akimaliza wimbo mzima wa beti nne bila kuachia kidole kwenye bomba la kupulizia rangi, ujue meza ya watu wanane imeng'aa. Akiutangulia wimbo rangi inakuwa nyepesi, akichelewa inachuruzika. Makabati yake yanajulikana kutoka hapa Lurambi hadi Bukura.

Shida yake ilikuwa moja. Bomba hilo halifanyi kitu bila upepo, na upepo ulikuwa wa shemeji yake. Marehemu mumewe alimwachia karakana ya mabati nyuma ya jikoni, na randa, na misumeno. Kompresa hakumwachia. Ignatius, ndugu wa marehemu, alikuwa nayo moja ya kujazia magurudumu kando ya barabara. Basi kila kabati lilipelekwa huko kwa mkokoteni, likangoja lori lijazwe, pikipiki zijazwe, hata mpira wa watoto wa shule ujazwe, ndipo Maximilla apewe nafasi. Na kwa kuwa upepo ni wake, Ignatius alikuwa na maoni pia: rangi hii imekoza mno, mteja huyu achana naye. Maximilla alitaka kufanya kazi kwake, kwa saa zake, bila kuomba ruhusa ya mtu. Zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akina mama ilipofika alijua kwamba akinunua mashine isiyofaa, atarudi kwenye foleni ya magurudumu mwaka mwingine mzima.

Ignatius alijialika kwenye safari ya dukani.

"Shem, mashine haichaguliwanga na mama," alisema. "Watakuuzia takataka. Mimi nimekaa na kompresa miaka ishirini."

Ni mtu mwema, sitamsingizia. Kasoro yake ni kudhani kwamba asichokijua hakipo. Maximilla hakubishana naye. Alinitwika mimi mlango mbovu wa kabati, akaniambia twende.

Duka ni la Kipngeno, mtu mpole anayeuza pampu, jenereta na kila kitu chenye waya. Ignatius alikwenda moja kwa moja kwenye kompresa nyekundu yenye mtungi ambao ungetosha kuogeshea ndama.

"Hii ndio mashine," alisema, akiupiga kofi. "Angalia mtungi yake. Hii inabeba upepo ya wiki."

Kando yake palikuwa na nyingine ya bluu, mtungi wake nusu ya ule, lakini pampu yake ilikuwa na vichwa viwili. Maximilla alizitazama zote mbili, kisha akamuuliza Kipngeno, "Kila moja inasukuma upepo ngapi kwa dakika?"

"Hiyo kubwa mtungi ni lita mia, mama."

"Sijauliza mtungi. Mtungi ni wa kuweka tu. Nauliza pampu."

Kipngeno alitafuta karatasi za maelezo, hakuziona. Maximilla akafungua mkoba, akatoa bomba lake na chupa ya rangi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shingo yangu ilikuwa inauma. Tuliusimamisha ule mlango nje ya duka, akaomba nyekundu iwashwe hadi ijae. Kisha akaanza kuimba.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, wanunuzi wawili wakaitikia na mwenye duka la jirani akatoka kushangaa. Katikati ya ubeti wa tatu upepo ukalegea, na bomba likaanza kutema matone. Mota ilikuwa bado inanguruma kwa bidii. Maximilla akanyamaza.

"Ingoje ijae tena," Ignatius alisema.

"Gurudumu linangoja, shemeji. Rangi haingojangi."

Tuliugeuza mlango, akaunganisha ile ya bluu. Beti zote nne zilipita, upepo ukiwa uleule. Kiitikio cha mwisho alikirudia mara mbili, na hayo yalikuwa maringo tu.

"Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi," nikasema. Ignatius alijifanya hakusikia. Kipngeno alimwomba Maximilla awe anakuja kuwaimbia wateja kila Jumamosi.

Maximilla aliinunua ile ya bluu, na Ignatius ndiye aliyeisukuma kwa mkokoteni hadi nyumbani. Tulipofika alifunga mpira wa upepo mwenyewe, akakaza kila nati, akaijaribu mara tatu. Akaenda zake bila kutoa maoni. Nilimhurumia kidogo.

Kitanda cha kwanza kilipotoka kwenye karakana ile, Maximilla alichinja jogoo akatualika sisi wawili. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Tangu marehemu azikwe, hapo huwekwa mbele ya Ignatius, naye huila bila kufikiri. Siku hiyo pia iliwekwa kwenye sahani yake. Alimega obusuma, ugali wetu, akachovya, akatafuna, akaitazama ile firigisi kwa muda. Kisha akaichukua, akanyoosha mkono, akaiweka kwenye sahani ya shemeji yake.

"Fundi akule," alisema, akaendelea na mboga.

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Maximilla hakulia. Katika rika letu sijamwona mwanamke aliyeionja firigisi mbele ya watu, na nilidhani atairudisha kwa heshima, au angalau atanikatia kipande. Aliila yote, polepole, peke yake.