Kahawa Ingali Maua

Mibuni yangu ya kijijini Kimuli ilikuwa imechanua, na asubuhi ile shamba zima lilielea katika weupe wa ukungu na maua. Nilidaiwa kodi ya mapato ya duka langu, malimbikizo ya miaka miwili. Hivyo nilikuwa nimemwahidi mchuuzi butura, yaani kumuuzia kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa.

Siku hiyo, ofisini kwake, nilimweleza hayo afisa wa kodi, msichana wa rika la binti yangu aliyejua kuwa nimesoma chuo kikuu.

“Mzee, na shahada yako yote unauza maua?” alicheka. “Andika barua, uombe kulipa kwa awamu.”

Kwa aibu ya msomi, sikuwahi kuuliza kama hilo linawezekana. Tuligawanya deni kwa miezi, nikatia saini kama mtu aliye ndotoni. Mchuuzi alipopiga simu, nilimwambia asubiri mavuno.