Mgombea Aliyekataa Kutaja Ukoo

Mume wangu Awale alikuwa na kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa kumsifu. Siku alipojiunga na chama cha uhuru hapa Beledweyne, aliapa kwamba akiulizwa ukoo wake atajibu, "Mimi Msomali," basi. Hata alipokuja kuniposa alikataa kuwataja babu zake. Baba yangu akauliza, "Huyu kaokotwa mtoni?" Nikamtaka hivyo hivyo.

Alipogombea udiwani mara ya kwanza, ami yake Samatar, mkubwa wa ukoo wao, alikuja kwetu.

"Wataje baba zako mbele ya watu, kura zetu zote zako. Au kinywa kinakuuma?"

"Ami, nikiwataja nitakuwa diwani wenu. Mimi nataka kuwa wa mji mzima."

"Haya, mji mzima ukupe!"

Haukumpa. Kila ukoo ulichagua mtu wake, na ukoo wa Awale wakamchagua mfanyabiashara wa ngamia asiyejua hata baraza linakaa wapi. Niliumia sana. Awale alilala kutwa nzima, akaamka, akanyoa ndevu, akasema, "Nagombea tena."

Safari ya pili, Waitaliano, waliokuwa bado wakitutawala, waliruhusu wanawake kupiga kura. Wanaume walicheka tu. Mke atamfuata mume, aende wapi? Walisahau mambo yao wenyewe. Kwetu msichana huozwa ukoo mwingine ili watu wasiuane, lakini mpaka anakufa anabaki wa kwa baba yake. Wanauana vilevile. Barni, mke wa Samatar, alimlilia kaka yake aliyeuawa na vijana wa ukoo wa Samatar, kisha akaingia jikoni kuwapikia vijana hao hao.

Niliwaendea wanawake kwenye mkusanyiko wetu wa kumsifu Mtume na mama Hawa, ambako mwanamume haingii. Tulitafuna buni zilizokaangwa kwa samli, tukajipaka samli yake kwenye nywele, nikasema, "Jamani, ni ukoo gani uliowahi kutuuliza tunataka nini? Awale anataka zahanati ya kujifungulia. Na damu ikimwagika, yeye hana upande."

Barni akatema ganda. "Na wewe utapata nini?"

"Mume mwenye kelele zaidi."

Walicheka, wakaondoka bila kuniahidi kitu. Siku ya kura sikuweza kula.

Awale alishinda. Samatar akaja kwetu amefura, akamkuta Barni mkekani akinimiminia chai.

"Kura hizi zimetoka wapi? Watu wangu nawajua wote!"

"Wanaume wako unawajua," Barni akasema.

Samatar akamkodolea macho. "Wewe ulimpa?"

"Nilimpa."

"Kwani wewe ni wa nani, Barni?"

Barni akamwekea kikombe mbele yake, taratibu.

"Watoto wote wale nimekuzalia, leo ndiyo unaniuliza? Mimi Msomali. Kunywa chai, inapoa."