Shangazi Kola na Kura ya Vifungo

Miaka haimwondokei mshonaji kwa kishindo. Humtoka uzi baada ya uzi, na siku anapoinua uso mezani hukuta kichwa kimeota mvi, na watoto aliowashonea sare za shule wamerudi na watoto wao wapimwe. Ndivyo ilivyomwendea mwanamke ambaye ukumbi mzima wa washonaji ulimwita Shangazi Kola. Aliingia humo msichana, akaolewa, akafiwa na mume, akawaoza mabinti zake, na muda wote huo kazi yake haikubadilika: mashati, na hasa kola zake, ambazo alizigeuza zilipochakaa hata mwenye shati akasahau kwamba lilikuwa kuukuu.

Katika miaka hiyo aliona pia chaguzi za nchi nyingi kuliko alivyotamani. Vyama vilikuwa viwili, Ufunguo na Ngazi. Kila msimu ulipowadia alipanga foleni juani, akaingia kibandani, akaitazama picha ya huyu na picha ya yule, kisha akamtilia alama yule aliyemchosha kidogo kuliko mwenzake. Alirudi nyumbani bila furaha na bila hasira, kama mtu aliyeulizwa achapwe kwa fimbo ipi. Kilipozuka chama cha tatu, watu walikipenda sana vibarazani. Mbele ya sanduku kila mmoja akajiambia, "Nikimpa huyu, yule nisiyemtaka atapita," na chama kile kikafa huku kikisifiwa.

Laiti maradhi hayo yangeishia kwenye masanduku ya serikali. Yaliingia hadi ukumbini. Lilikuwa jengo refu la mabati, madirisha yake yote yakiwa upande wa mashariki. Ukuta wa magharibi haukuwa na uwazi wowote, ila taa moja iliyopepesa kama jicho lililoingia mchanga. Mwenyekiti wa ukumbi ndiye aliyegawa nafasi. Washonaji wa suruali wengi walikuwa wa Ufunguo, wa magauni wengi wa Ngazi, na kila upande uliposhinda uliwapa watu wake madirisha na kuwasukumia wenzao ukutani. Mdogo wake Shangazi wa tumbo moja, ambaye ukumbini waliishia kumwita Suruali tu, alipokuwa mwenyekiti, dada mtu alikaa dirishani. Suruali akaangushwa na Mama Gauni, mwanamke mwenye sauti ya kupenya hadi barabarani, na siku hiyohiyo cherehani ya Shangazi ikaburutwa hadi ukutani. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa dada wa mtu.

Hapo macho yake yalikwisha kuanza kumsaliti. Daktari alimwambia miwani imefika kikomo, kilichobaki ni mwanga wa kutosha. Mwanga ulikuwa upande wa pili wa ukumbi. Kola zikaanza kutoka zimepinda. Mteja wa miaka mingi alirudisha shati lake, akaliweka mezani taratibu, akaondoka, na upole huo ulimchoma kuliko matusi. Alijua akikaa pale muhula mwingine ataifunga cherehani kwa mikono yake mwenyewe.

Uchaguzi wa ukumbi ulipokaribia, Suruali alimfuata ukutani.

"Dada, safari hii unarudi dirishani. Nihesabie kura yako na za rafiki zako, basi."

"Na atakayetolewa dirishani ni nani?"

"Si wao? Walikutoa wewe."

"Halafu wakirudi wao, wanitoe tena," alisema Shangazi. "Mdogo wangu, mimi nimechoka kubebwa huku na huku kama kabati la msibani."

Alikuwa na mtu wake moyoni. Bwana Vitundu, fundi wa matundu ya vifungo, alikuwa mzee mpole asiye wa Ufunguo wala Ngazi, naye alisema jambo moja tu: mwenye macho mabovu akae dirishani, awe wa chama chochote. Kila mtu alikiri kwamba hilo ni neno la haki. Lakini uchaguzi uliotangulia Bwana Vitundu alisimama, akapata mikono michache, na mikono hiyo ndiyo iliyompungukia Suruali. Tangu siku hiyo nusu ya ukumbi haikuitika salamu yake.

Hapo ndipo Shangazi alipokumbuka jambo alilolisikia redioni akipiga pasi. Ziko nchi ambako mpiga kura hachagui mmoja. Huwapanga wote, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza wake akishindwa mapema, kura yake haipotei, humwendea wa pili. Alilieleza jambo hilo mkutanoni, akisita mara mbili, na kwa mshangao wake pande zote mbili zilikubali. Wa Ufunguo walihesabu kwamba watu wa Vitundu watawaweka wao wa pili. Wa Ngazi walihesabu vivyo hivyo.

Kwa kuwa wengine kalamu ilikuwa nzito mikononi mwao, iliamuliwa kura ipigwe kishonaji. Kila mtu angepewa ukanda wa kitambaa na vifungo vitatu: cheusi cha Suruali, cheupe cha Mama Gauni, chekundu cha Bwana Vitundu. Angeketi pembeni peke yake, avishone kwa mstari, ampendaye akiwa juu, kisha autumbukize ukanda kwenye mtungi. Ili kanda zisifumuke, Mama Gauni alizikunja zote ncha moja na kuzipiga mshono.

Kura ikapigwa kwa utulivu ambao ukumbi ule haukuwa umeuona kwa miaka. Hata Mama Shimizi, bibi wa Ngazi aliyekalia dirisha la Shangazi na ambaye hakupitisha siku bila kumtania, alishona vifungo vyake huku ameung'ata ulimi.

Mtungi ukamiminwa mezani. Suruali aliokota ukanda wa kwanza, akaushika wima. "Cheusi juu!" Akaokota wa pili. "Cheusi!" Wa tatu, wa nne, wote cheusi. Watu wa Ufunguo wakaanza kupiga meza.

"Ngoja, wewe!" Mama Gauni alimpokonya ukanda. "Umeushika kichwa chini. Ncha iliyokunjwa ni pindo. Pindo linakaa wapi, shingoni?" Akaugeuza. Cheupe kikawa juu. Akageuza wa pili, wa tatu, cheupe, cheupe.

"Pindo lako hilo," Suruali alijibu. "Kwetu penye mkunjo ni kiunoni, na kiuno ndiyo juu ya suruali. Au wewe suruali unaivaa kichwani?"

"Ningekuwa na kichwa chako ningeivaa!"

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikwisha kuelewa. Watu wa suruali walimshona mtu wao penye mkunjo wakidhani ndiko juu. Watu wa magauni walimshona mtu wao ncha ya pili kwa dhana ileile, na yule wasiyempenda wakamtupa penye mkunjo. Kwa hiyo kanda za mahasimu zilifanana kama mapacha: cheusi penye mkunjo, chekundu katikati, cheupe mwisho. Zikisomwa hivi, ukumbi karibu wote ulimtaka Suruali. Zikisomwa vile, ukumbi karibu wote ulimtaka Mama Gauni. Na kwa kuwa kura ilikuwa ya siri, hakuna aliyeweza kujua ukanda upi ni wa nani.

Shangazi alizipapasa zile kanda kwa vidole, maana macho yalimchelewesha.

"Jamani," alisema, "zigeuzeni mpendavyo. Wa katikati hageuki. Hapa hakuna hata mmoja aliyemkataa Bwana Vitundu. Si tumpe yeye tupumzike?"

Watu wakatazamana. Shangazi akadhani, Mungu amsamehe kwa tumaini lake, kwamba wanafikiri.

"Dada," Suruali alisema, karibu kwa huruma, "nguo haianzii katikati."

"Leo umesema kweli," Mama Gauni aliitikia, na hilo likawa jambo la kwanza ambalo wawili hao walikubaliana tangu wajuane. Wakakubaliana na la pili: mambo ya redioni yabaki redioni, watu wanyooshe mikono kama zamani, na iwe kati yao wawili tu. Bwana Vitundu alikunja mkeka wa kazi yake, akasema, "Haidhuru," akarudi kwenye matundu yake.

Mikono ikanyooshwa. Wa Suruali wakazidi. Shangazi hakunyoosha popote. Aliketi mikono mapajani, akiihisi mizito kana kwamba alikuwa ameshona tangu alfajiri.

Kesho yake asubuhi Suruali alikuja na vijana wawili wa kubeba. "Dada, inuka. Dirisha lako hilo." Akamgeukia Mama Shimizi. "Na wewe bibi, ukutani. Ndiyo zamu."

Mama Shimizi aliinuka. Alianza kukusanya vitambaa vyake, na Shangazi, aliyekwisha kusogea karibu, aliona kwamba hakuwa akiviona. Alivitafuta mezani kwa viganja, mkasi ukamponyoka, akauinamia mahali ambapo haukuwepo. Miezi yote ile ya utani, mwanamke huyu naye alikuwa akishona kwa kukisia.

"Mwache," Shangazi alisema.

"Nimwache vipi? Dada, nimekupigania mimi!"

"Najua, mdogo wangu. Ahsante. Mwache hapo alipo."

"Basi utabaki gizani na kola zako zilizopinda. Usinililie."

"Sikulilii."

Aligeuka kurudi ukutani. Alikuwa amefika katikati ya ukumbi aliposikia miguu ya meza ikikwaruza sakafu.

"We Kola!" Mama Shimizi aliita kwa sauti ile yake ya kuudhi. "Unaringa nini? Wewe mwembamba, mimi nimekonda. Lete hiyo cherehani yako kongwe tubanane."

"Hapatoshi."

"Patatosha. Ukinigonga kiwiko nitakugonga."

Suruali akawaashiria vijana. Vijana wakabeba. Meza mbili zikabanwa dirisha moja, na mwanga uliokuwa haba kwa mmoja ukagawanywa kwa wawili, kila mmoja akiinamisha kichwa upande wake ili asimzibe mwenzake. Shangazi aligeuza kola moja hadi adhuhuri. Ilitoka sawa. Mgongo ulimuuma kwa kukaa upande, na alijua fika kwamba Mama Gauni akirudi na watu wake huenda wakawatoa wote wawili. Hakuwa na nguvu ya kuwazia hilo siku ile.

Mwenyezi Mungu, mwenye nuru isiyogawanywa kwa kura, amhifadhie Shangazi Kola macho yaliyombakia, ampe wepesi wa mgongo na utulivu wa moyo. Awalinde mabinti zake na wajukuu zake, amrehemu mumewe aliyetangulia, amlainishie moyo mdogo wake ambaye bado ni ndugu yake, na amjaalie yule jirani yake wa dirishani kila la heri analojaaliwa yeye. Amina.