Kifaru cha Mama Mkwe

Mke wangu alinipigia simu nikiwa kazini, akasema mama yake anakuja na kifaru. Nilidhani simu inakatika. Nikamwomba arudie, naye akarudia vilevile: mama anakuja na kifaru, anataka nikitengeneze, na nisitoke.

Nina kibanda cha kutengeneza redio na televisheni mjini Kakamega, karibu na soko. Mama mkwe hakuwa amewahi kukanyaga hapo. Kwetu Waluhya, mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawashikani mikono wala hawali pamoja, na yeye, akiwa mtu wa zamani, alizishika mila hizo kuliko wengi. Tangu nioe nilikuwa nimemjua zaidi kwa sauti yake nyuma ya mlango wa jikoni.

Walifika pamoja. Mama alibaki nje chini ya mwavuli, amenipa mgongo. Mke wangu aliingia na boksi, na ndani yake mlikuwa na kifaru cha vita cha kuchezea, kile kinachoendeshwa kwa rimoti, kikubwa kama tofali. Shemeji yangu aliye ng'ambo ndiye aliyewatumia wajukuu. Mama alikuwa amekifungia kabatini.

"Anasema ukiwekee risasi," mke wangu akaniambia.

Kwa fundi kama mimi, risasi ni ile ninayoiyeyusha ili kuunganisha nyaya. Nikakifungua kifaru, nikakuta waya mmoja umeng'oka, nikauchomelea. Kikaenda mbele, kikarudi nyuma, na kichwa kikazunguka. Mke wangu akatoka nacho. Nikawasikia wakinong'ona, kisha akarudi.

"Anasema hiyo si risasi. Anataka kipige."

"Kipige nini?"

Akatoka tena kuuliza, akarudi. "Tumbili."

Shamba la mama liko upande wa Malava, limepakana na msitu, na mahindi yake yalikuwa yameanza kubeba. Alikuwa amepiga debe tupu ili kelele ziwafukuze. Alikuwa amesimamisha sanamu iliyovaa koti la marehemu mumewe, na tumbili wakaketi juu ya mabega yake kumenya mahindi. Hayo nilielezwa vipande vipande na mtu aliyekuwa akiingia na kutoka. Nilitaka kuuliza kwa nini asiwarushie mawe tu, lakini sikujua swali kama hilo linapitishwaje kwa mtu wa tatu. Nikasema nitajaribu.

Nikanunua bunduki ya watoto, ile ya betri inayorusha gololi za plastiki ndogo kama njegere. Nikaipasua na kutoa utumbo wake: mota, giya, springi, na pistoni inayosukuma hewa. Kuuingiza ndani ya kifaru ilikuwa kazi ya msumeno na gundi tu. Nyaya ndizo zilizonichanganya.

Bodi ya kifaru ilikuwa na mahali palipowasha taa mdomoni mwa mtutu ukibonyeza kitufe. Nikaunganisha mota hapo. Umeme haukutosha, mota ikanguruma, springi ikakwama nusu. Nikaweka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Sasa kikapiga, lakini hakikujua kukoma, kikamwaga gololi zote sakafuni. Nikaongeza kiswichi ambacho giya hukigusa likimaliza mzunguko, ili mota isimame. Kikapiga moja, kikatulia. Nikaona nimemaliza.

Kisha nikageuza kichwa chake kulia, kikapiga bila kuamriwa. Nikakigeuza kushoto, kimya. Kulia, kikapiga. Nikang'oa nyaya, nikazirudisha, nikachora mchoro kwenye kipande cha katoni. Kwa mujibu wa mchoro, jambo hilo halikuwezekana. Mteja aliyekuja kuchukua redio yake alipigwa na gololi tumboni, akanitazama, akaondoka bila kuuliza chochote. Nilianza kukiwekea kitambaa usoni kila nilipokigusa, kama mtu anavyomfunika ng'ombe mkali.

Mwishowe nilichoka, nikafanya mambo mengi kwa pamoja. Niliweka kapasita, vile vidude vya kutuliza umeme unaorukaruka, kwenye miguu ya mota zote, nikaipa ile ya kupigia betri yake yenyewe, nikasokota nyaya na kuzipitisha mbali na bodi. Ugonjwa ukaisha. Dawa ilikuwa ipi kati ya hizo, sikujua.

Tulikipeleka Malava Jumamosi asubuhi. Mke wangu ndiye angesimama katikati yetu kupitisha maneno, lakini tulipofika alikwama jikoni akipuliza moto, na tumbili hawakumngoja. Mama akaichukua rimoti, akakiingiza kifaru kati ya mistari ya mahindi. Mimi nilikuwa upande wa pili, nakiona, yeye hakukiona. Nikanyamaza kadiri nilivyoweza. Kilipokaribia kuanguka mtaroni, nikasema kwa sauti, "Kata kushoto, mama."

Sauti yake ikaja. "Kushoto gani? Yako ama yangu?"

"Yake. Ya kifaru."

"Kumbe ikonga na kushoto yake?"

Akajaribu huku na huku, kikanyooka. Tumbili mmoja mkubwa alikuwa ameketi chini na hindi mkononi.

"Piga," nikasema.

Gololi ikamgonga kifuani. Akaiokota, akainusa, akaitia mdomoni, akaitema. Hakusogea.

"Amekimbia?" mama akauliza.

"Ameionja."

Akapiga tena na tena, na tumbili wengine wakashuka kutazama. Kisha mnyororo mmoja wa kifaru ukanasa kwenye bua, kikaanza kuzunguka pale pale kama kuku aliyekatwa kichwa. Hapo ndipo walipopiga kelele na kukimbia wote, wakavuka ua hadi shamba la jirani. Hawakuogopa risasi, waliogopa kizunguzungu. Mama alikuja akakiona kikizunguka, akacheka hadi akaketi chini.

"Mkwe," akaniambia, macho kwa macho, "hii kitu yako ina wazimu."

Mchana tulikula. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa jikoni, naye mama alikuwa nyuma ya mlango huo, nao ulikuwa wazi. "Mwulize kama obusuma imetosha," akamwambia binti yake. Nilimtazama mke wangu nikitaka anionyeshe nifanye nini. Yeye akaniuliza tu kama ugali umetosha. Sikujua kama ile ruhusa ya asubuhi ilikuwa imekwisha, au haikuwahi kuwapo. Nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba umetosha.

Mahindi yale yalivunwa, mengi yakiwa mazima. Baadaye jirani wa mama alikuja kibandani kwangu. Tumbili sasa walikuwa wake. Alitaka kifaru kama kile, kinachozunguka.

Nilimweleza ukweli: kwamba kile kilizunguka kwa kunasa, na kwamba hata kupiga kwake sikuelewa vizuri kulitengemaa vipi.

"Sema tu hutaki," akanijibu.

"Nataka."

Akaketi kwenye benchi langu, akasubiri. Nami nikachukua kipande kingine cha katoni, nikaanza kuchora.