Lupini Hazihamishwi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika bustani ya nyumba moja ya wageni mjini Tarime, nilifika nikisukuma toroli la samadi. Nimekulia zizini; kwetu shamba bila samadi ni mzaha. Msimamizi wa bustani, mzee aliyenifundisha kazi hii yote, hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Hiyo unampelekea nani?"

"Lupini, Mzee."

"Rudisha. Ukizishibisha zitakupa majani matupu, na wewe si mbuzi."

Lupini ni ua la jamii ya maharage, linalosimama kama mshumaa, la zambarau, pinki au njano. Hujitafutia chakula: mizizi yake ina vinundu vinavyorutubisha udongo. Mbegu ni ngumu, kwa hiyo tulizikwaruza kidogo kwa msasa, tukaziloweka siku nzima, kisha tukazipanda palepale zitakapokaa. Nasema palepale. Mzizi wake mkuu hushuka kama msumari. Ukiukata, umeua mmea. Mbegu zina sumu pia, kwa hiyo tulizungushia miiba ng'ombe wasifike.

Baada ya miaka kadhaa miguu iliniwasha kutaka kuhama, nikaenda kufanya kazi Machochwe, kwenye kambi ya watalii karibu na hifadhi. Nyuma ya jiko nilipanda safu tatu za lupini. Zilipochanua, meneja akaja.

"Mwita, wageni wakubwa wanafika Ijumaa. Zing'oe, uzipange getini."

"Zitakufa, bosi."

"Wewe ni mtunza bustani au wakili wa maua?"

"Leo ni wakili."

Wapishi walicheka. Yeye hakucheka.

"Basi chagua. Maua yaende getini, au uende wewe."

Mke wangu na watoto, kule Mbalibali, walikula kwa mshahara ule. Nilijua hilo vizuri. Nikaweka jembe chini, nikachuma maganda ya mbegu yaliyokuwa yamekauka kwenye zilizotangulia kuchanua, nikatoka getini nayo mfukoni. Wapishi waliniambia baadaye kwamba meneja alizihamisha Alhamisi, na Ijumaa wageni wakapokelewa na maua yaliyoinamisha vichwa.

Nyumbani tulibana matumizi hadi nilipopata bustani nyingine, halafu nyingine, mpaka mgongo ukanistaafisha kabla ya umri wa kustaafu. Bado naikumbuka Machochwe, hasa udongo wake baada ya mvua. Wanaosema nilikuwa mkaidi wamesema kweli. Ningeambiwa tena leo, ningekataa tena.

Mwezi uliopita meneja yule alisimamisha pikipiki nje kwangu Mbalibali. Alikuwa ameona safu zangu.

"Mwita, ndugu yangu, nipatie miche kumi tu. Ni ya pale getini."

"Miche sina."

"Na hii yote?"

"Hii imeshafika kwao."

Nikamwekea kiganjani mbegu na kipande cha msasa. Akitaka maua getini, akapige magoti getini.