Pengo Liangalie Ujiji

Watu wa mwaloni Kibirizi, pale boti za ziwani zinapopakia na kushusha, wanasema yule fundi aliua mtu. Wanasema mpaka leo, hata wale ambao hawakumwona kwa macho. Mimi nilikuwa ndani ya boti ile na nikatoka majini nikiwa hai, kwa hiyo nitawataja walioua: ni tajiri mwenye boti, na ni mimi. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu mnisamehe.

Boti yenyewe haikuwa kama hizi za injini ya kuning'iniza nyuma. Injini yake ilikaa ndani, ndani ya sanduku, na nje nyuma palikuwa na mguu wa chuma ulioshika propela. Kutoka kwenye injini kwenda kwenye mguu inapita shafti moja, na shafti hiyo inazungukia kwenye beringi. Beringi ikichakaa utaisikia unapokata kona. Inanguruma kama mama anayesaga ulezi juu ya jiwe. Yetu ilinguruma karibu mwezi mzima. Nilipomwambia tajiri, alinijibu, "Ongeza sauti ya redio."

Siku usukani ulipoanza kutetemeka mikononi mwangu ndipo alipokubali kuita fundi. Fundi alikuwa mzee wa Simbo, wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Mwaloni walimwita "wa kambini" yaani mkimbizi, ingawa kambini hajawahi kulala. Yeye alicheka tu, akaendelea kufungua nati. Beringi mpya ilikuwa imengojwa wiki mbili kutoka Dar, moja tu, na mjini hapakuwa na nyingine.

Tuliivuta boti pua ikalala mchangani, mkia ukabaki kwenye maji ya magoti. Tukautoa mguu, tukaing'oa beringi kuukuu. Ilitoka na maji mekundu ya kutu. Fundi akanionyesha ile mpya. Ilikuwa imevikwa pete nyembamba yenye pengo.

"Unaliona pengo hili? Likae sawasawa na tundu la kupitishia grisi. Likienda kwingine, utapiga grisi mpaka mkono ufe ganzi, ndani haitaingia hata tone."

"Kwa hiyo liwe kulia?"

"Kulia kwa nani? Wewe uko ndani umenigeukia mimi, kulia kwako ni kushoto kwangu. Kulia na kushoto ni mambo ya jeshini. Sema kama mtu wa mwaloni." Akanyoosha kidole kusini. "Tundu liko kule. Pengo liangalie Ujiji."

Hivyo ndivyo tunavyosema huku. Sanduku lisogeze upande wa Kongo, kamba itupe upande wa Gombe. Nani apoteze muda na kulia na kushoto?

Kumbe mpira wa kuzuia maji tuliouziwa dukani ulikuwa mdogo. Fundi akasema anakwenda mjini kuubadilisha. Alipokuwa anavaa kandambili zake aliniambia, "Usiipige beringi kabla sijarudi." Nikaitikia.

Hajafika mbali, upepo wa mchana ukaanza. Mawimbi yakawa yanalipiga lile tundu kubwa la nyuma tulipotoa mguu, maji yanaingia. Tajiri akaita wapakizi, wakaigeuza boti: sasa mkia ukawa nchi kavu na pua ziwani. Hapo hakukosea, ilibidi igeuzwe. Kosa lake ni lililofuata.

"Mbona umekaa?" akaniuliza.

"Namngoja fundi, tajiri."

"Fundi! Kupiga nyundo nako kunataka fundi? Saruji ya Ilagala inaondoka kesho. Kama huwezi, niambie, madereva wamejaa hapa kama dagaa."

Nikachukua kipande cha bomba na nyundo. Nikakumbuka maneno vizuri kabisa, pengo liangalie Ujiji, nikaligeuza kuelekea Ujiji, nikapiga. Ilikwenda taratibu, kisha ikakaa kwa mlio mmoja mzito. Nikajisifu moyoni. Sikufikiri kwamba boti ilipogeuka, na tundu la grisi liligeuka nayo. Ujiji haikugeuka. Tundu sasa lilikuwa kaskazini, upande wa Gombe.

Fundi aliporudi na mpira wake alisimama mbele ya mkia wa boti, akaitazama boti, akatazama ziwa. Pete ikishazama ndani haionekani tena, hata ukimulika tochi.

"Umeshapiga?"

"Nimepiga, fundi. Ujiji, kama ulivyosema."

"Ulipiga kabla ya kugeuza boti, au baada?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Lakini beringi ikishapigwa, kuitoa ni kuiua, na nyingine ilikuwa Dar. Tajiri alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono kiunoni.

"Kabla," nikasema.

"Una hakika?"

"Kabla, fundi."

Aliniamini. Mtu mzima alimwamini mtu mzima mwenzake, basi. Tulipomaliza kurudisha mguu akapiga grisi, ikawa ngumu, ikarudi nje kwenye mikono yake. Alinitazama tena. Mimi nikainama kukusanya spana. Akasema labda njia imezibwa na grisi ya zamani, twende hivyohivyo taratibu, tukirudi kutoka Ilagala ataifungua aone. Tajiri akasema, "Ndiyo, ndiyo," kama anayefukuza nzi.

Kesho yake tuliondoka wawili, mimi na mpakizi mmoja mzaliwa wa Ilagala. Alikuwa na furaha, alisema atalala kwake leo. Mifuko ya saruji ilifika mpaka kwenye viti. Tulipokaribia mdomo wa Malagarasi nilisikia mlio, haukuwa tena wa kusaga, ulikuwa kama chuma kinacholia. Kisha harufu ya mpira unaoungua. Nikazima injini, nikafungua sanduku. Ile beringi ilikuwa imekaukiwa grisi ikashika moto, ikaukata mpira uliokuwa unazuia ziwa lisiingie. Maji yalikuwa yanaingia mazito kama yanamiminwa.

Tulikumba maji kwa ndoo. Upepo ukaongezeka. Mpakizi aliniuliza, "Si imetengenezwa jana hii?" Nikazidi kukumba. Saruji ikilowa haielei. Mkia ulizama kwanza, kisha boti yote ikaenda kama mtu anayekaa kitini. Mimi nilishika dumu tupu la mafuta. Yeye alijua kuogelea kuliko mimi, lakini kamba ya turubai ilimshika mguu. Wavuvi walioniokoa walimtafuta mpaka jua likazama. Alipatikana siku ya tatu, upande wa kwao.

Baada ya mazishi tukaitwa mwaloni. Wazee wa mwalo walikaa, watu wakazunguka. Tajiri alisimama wa kwanza. "Nilimpa kazi huyu wa kambini kwa huruma. Tazameni alivyonilipa."

Fundi hakujitetea kwa maneno mengi. Alininyooshea kidole mimi. "Muulizeni huyu. Beringi ilipigwa kabla ya boti kugeuzwa, au baada?"

Watu wote wakaniangalia. Mjane wa mpakizi alikuwa amekaa chini, kanga kichwani.

"Kabla," nikasema. "Mimi ni dereva tu. Mambo ya chuma siyajui."

Fundi alikusanya spana zake siku ileile. Hakuna aliyempa boti nyingine, si Kibirizi, si Ujiji.

Mwaka jana nilikwenda Simbo. Nilimkuta fundi shambani, anapalilia mihogo, amekonda. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia: ilikuwa baada.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu grisi iliporudi mikononi mwangu. Nikajiambia, huyu ni mtu mzima, hawezi kunidanganya kwa jambo la kuua."

"Nisamehe, mzee."

"Unaniambia mimi ili iweje? Mimi nilikuwepo. Nenda kaseme kule mwaloni." Akarudi kwenye jembe.

Nikaenda. Jumatatu asubuhi, watu wamejaa, tajiri amekaa juu ya pipa. Ana boti mbili sasa. Aliponiona akacheka. "Ee, mzee wa dumu! Umekuja kutafuta kazi?"

Maneno aliyonituma fundi nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima kutoka Simbo.

"Ndiyo, tajiri," nikasema.

Akanionyesha boti ya kushoto. Nikapanda.